Pembetatu za Getanuwas

Getanuwas,
14 Agosti 1988

Mwanangu Zita,

Sisi tupo. Mama yako anakohoa, lakini ni vumbi la kupura tu, likiisha na yeye ataacha. Barua hii nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Mwalimu Kasian alikuja akasema, "Mzee Nicodemo, wewe sema, mimi nitaandika." Nikamwambia mimi nimeendesha kombaini ya serikali kule mashamba ya ngano wakati wewe hujaota meno, leo itanishinda kalamu? Akaniachia kalamu akaenda. Naandika polepole, na wewe soma polepole.

Ile ngano ya majaribio ya kituo chenu tumevuna. Bwana shamba Hermani alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. Unakumbuka alinipimia vipande vitatu kwa kamba, kimoja bila mbolea, kimoja mbolea nusu, kimoja mbolea kamili. Alipofika kwenye kile kisicho na mbolea akapima, akashusha gunia, akapima tena. Akaniangalia. "Mzee, hiki ndicho hakina kitu?" Nikasema ndicho. "Kweli hukuweka?" Nikamwambia bwana, mbolea umeigawa wewe kwa mkono wako, mimi ya kuongeza ningeitoa wapi? Akaandika.

Kwa Patriki gunia lilikuwa jepesi kama limejazwa manyoya. Kwa Basili ni aibu, sisemi. Sulle alikuwepo anatazama, yeye hakupewa mbegu mwaka huu. Nikamwambia, "Umeona mkono wa mtu?" Akasema, "Nimeona. Ila mdomo wako ndio unazaa kuliko mkono." Ndiye Sulle wetu huyo, hajabadilika. Ng'ombe wangu mwekundu bado anakaa kwake, kama mama wa huyo ng'ombe alivyokaa. Yeye anakunywa maziwa, mimi nina rafiki.

Sasa hizo namba zinakuja kwenu Arusha. Unazifanyia nini? Watu wakiniuliza nasema binti yangu anaongea na mashine, basi, nanyamaza kama najua.

Ni mimi baba yako,
Nicodemo Qamara


Arusha,
2 Septemba 1988

Shikamoo baba,

Na mama nampa shikamoo yake. Mwambie anywe maji ya moto, kikohozi asikizoee.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Namba zimefika, na kazi yangu ni hii. Kila kipande cha kila mkulima ninakiingiza kwenye kompyuta, mstari mmoja. Kuna safu ya mbolea, safu ya mavuno, na safu ya kijiji. Kisha naiambia programu ya takwimu: mbolea ilale chini ya karatasi, mavuno yapande pembeni, na pale vinapokutana weka nukta. Mara ya kwanza nukta zote zilitoka za aina moja, kama mtama uliomwagika uani. Hujui ipi ya nani. Ndipo nikaiambia itazame na safu ya kijiji, kila kijiji kipate alama yake. Basotu wamepata duara, Dongobesh msalaba, Getanuwas pembetatu. Mara moja ukaonekana mpangilio uliokuwa umejificha.

Nakutumia mchoro mmoja, printa ilitoa nakala mbili. Pembetatu tatu za juu kabisa ni zako. Hapa ofisini wamezitazama sana.

Baba, nina swali la kazi, usikasirike. Pale ulipopanda, ardhi yake ni sawa na ya majirani? Nijibu vizuri, maana mimi ndiye ninayeulizwa.

Binti yako,
Zita


Getanuwas,
25 Septemba 1988

Mwanangu,

Mchoro umefika kwa kondakta wa basi, haukukunjwa. Nimeubandika ukutani kwa uji wa ngano, ngano yenyewe ile ile. Sasa kila anayeingia anaonyeshwa. Nimeelewa mara moja, mimi si mtu wa kuelezwa mara mbili. Ni kama ng'ombe wa watu wengi wakinywa pamoja ziwani Basotu. Ukitazama ovyo ni ng'ombe tu. Ukitazama masikio walivyokatwa, unajua huyu wa fulani, huyu wa fulani.

Pembetatu inatufaa, ni paa la nyumba. Basotu duara, ziwa lao. Dongobesh mmewapa msalaba, basi waubebe.

Sulle alikuja kunywa pombe akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, na unajua yeye amesoma kunizidi darasa mbili. Akasema, "Nicodemo, haya mapaa yako matatu, mbona yamehama kijiji? Wenzao wako chini huku, yenyewe yamekwenda kukaa mlimani. Yamemkimbia nani?" Nikamwambia hayajakimbia, yamewapita. Tulicheka mpaka mama yako akaja kuona nani ameumia.

Umeniuliza habari ya ardhi. Swali gani hilo? Ardhi ya Getanuwas ni moja na aliyeiumba ni mmoja. Tofauti ni mkono. Waambie hivyo hao wakubwa wako.

Ni mimi baba yako,
Nicodemo Qamara


Arusha,
12 Januari 1989

Shikamoo baba,

Naandika kwa haraka, kondakta anasubiri nje.

Mkutano wa mbegu umekaa. Mbolea ya dukani mwaka huu haitoshi wilaya. Wakatazama mchoro wa vijiji: Basotu na Dongobesh bila mbolea mbegu hii haifanyi kitu, lakini pembetatu za Getanuwas, ukizichukua kwa wastani wake, ziko juu hata pale pasipo na mbolea. Kwa hiyo wameamua kijiji chetu kipewe mbegu peke yake, mbolea iende kwa wengine. Bwana Hermani ataileta mwezi ujao.

Mkuu wangu aliweka kalamu yake juu ya nukta zako, akaniuliza kama namfahamu mkulima huyu. Nilimwambia namfahamu. Mengine nitakueleza tukionana.

Baba, nakuomba jambo moja. Waambie watu wajaribu kidogo kwanza, kona ya shamba tu. Wasiache mahindi. Sema hilo mbele ya wote, wewe watakusikia.

Zita


Getanuwas,
5 Machi 1989

Mwanangu Zita,

Mbegu imekuja, imegawiwa, imelala ardhini. Kijiji kizima kimepanda. Hii ni kwa ajili ya mapaa yangu matatu, usimwache mtu akuambie vingine.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Bwana Hermani alisema maneno yake ya kitabu, watu wakapiga miayo. Nikaomba nafasi. Nikaenda nyumbani nikaubandua mchoro pamoja na udongo wake, nikausimamisha mbele yao. Nikasema kompyuta haina shangazi hapa, haina mjomba. Imetazama vijiji vyote na imesema Getanuwas haihitaji mbolea. Walipiga makofi! Baadaye nikaurudisha ukutani kwa uji mpya.

Ile habari yako ya kujaribu kidogo sikuisema. Mtu aliyealikwa karamu haambiwi alete kijiko kidogo.

Sulle alisimama. Akaanza, "Mimi nina neno moja kuhusu udongo. Shamba langu la chini ni kichanga, na kile kipande cha Nicodemo..." Nikamkata. Nikamuuliza mbele ya watu, "Sulle, unabishana na mimi au na mwanangu? Wewe Zita umembeba mgongoni, leo humwamini?" Akaniangalia. Akakaa. Mtu anayekutunzia ng'ombe hakupingi hadharani, hata vijana wanajua hilo. Na sikumwonea, kwa maana amepanda shamba lote la chini, mahindi hakuweka hata mstari. Aliniambia, "Haya, nimepanda pembetatu yako."

Mvua imeanza vizuri.

Ni mimi baba yako,
Nicodemo Qamara


Getanuwas,
30 Julai 1989

Zita,

Mbegu yenu ni mbaya.

Ilitoka ardhini vizuri, ikafika magotini, ikasimama. Ikawa njano. Masuke yamekuja mafupi kama vidole vya mtoto, ukisugua mkononi unapata makapi. Kwa Patriki hivyo, kwa Basili hivyo. Kwa Sulle hata kombaini isingeona cha kukata, amewaingizia mbuzi. Mimi kwangu imetoka nzuri kama mwaka jana, kwa hiyo si mvua. Nadhani magunia ya mbegu yalilowa njiani, au Hermani alibadilisha. Mtu wa kutoka mbali, humjui tumbo lake.

Sasa sikia. Jumanne saa sita mchana nipo uani natengeneza mpini, naona Sulle anakuja na ng'ombe mwekundu, ameshika kamba mwenyewe. Nikadhani ng'ombe anaumwa. Nikamwambia, "Karibu, kaa, mama Zita analeta kinywaji." Hakukaa. Akafunga kamba kwenye nguzo yangu, akavuta fundo akaangalia kama limekaza. Nikauliza, "Ana nini?" Akasema, "Hana kitu. Ni mzima, ana mimba. Mhesabu na masikio."

Nikasema, "Sulle, acha mzaha."

Akasema, "Mzaha ulikuwa mwaka jana."

Mama yako alitoka na kibuyu, akakuta mgongo wake. Unajua maana ya ng'ombe kurudishwa bila kuombwa. Mimi nimeona ikifanyika mara chache, na wale watu hawakuzikana.

Waulize wakubwa wako walitupa mbegu gani.

Nicodemo Qamara


Arusha,
15 Agosti 1989

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako ofisini na sikuweza kuendelea na kazi. Nimemwaza Sulle akifunga ile kamba. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua, kwa ng'ombe wa ukoo huo huo.

Mbegu haikulowa wala haikubadilishwa. Nimeitoa mezani ile data ya mwaka jana na nimechora upya. Nimebadili jambo moja tu: kwenye safu ya kundi, mahali pa kijiji, nimeweka jina la mkulima. Kila mkulima akapata alama yake, na nukta zake tatu nikaziunganisha kwa mstari.

Baba, mistari ya watu wote inapanda. Ya Patriki inapanda, ya Basili inapanda, ya watu wa Basotu na Dongobesh inapanda. Bila mbolea wako chini, mbolea nusu wamesogea, mbolea kamili wako juu. Wako peke yako umelala kama ubao wa benchi. Bila mbolea, nusu, kamili, mavuno ni yale yale. Udongo usiojali mbolea ni udongo ulioshiba. Na hapo nyumbani najua mahali pamoja tu paliposhiba hivyo. Nilikuwa nacheza pale nikiwa mdogo, na ulikuwa unanifukuza nisichimbe. Ni zizi la zamani la babu Qamara, samadi tupu.

Nilipozipanga nukta kwa kijiji, zako zilijificha ndani ya pembetatu za wenzako, zikawavuta wote juu. Wale wawili, Patriki na Basili, hawakuwa na nguvu ya kuzishusha. Ningeweka majina tangu mwanzo ningeona. Niliambiwa nipange kwa kijiji, nikapanga kwa kijiji, nikafurahi mchoro umependeza.

Na lile nililosema nitakueleza, nakueleza sasa. Mkuu alitaka kuzitoa nukta zako. Alisema zimekaa mbali mno, pengine kuna kosa la mizani. Ndipo akaniuliza kama namfahamu mkulima. Nilimwambia, "Namfahamu, hawezi kusema uongo." Akaziacha.

Hukusema uongo. Nimejiambia hivyo wiki nzima na hainisaidii.

Nimempelekea mkuu mchoro mpya. Akasema nimwachie karatasi. Mbegu haitatolewa tena bila mbolea. Lakini kwa Sulle na watoto wake mwaka ndio huu.

Zita


Getanuwas,
3 Septemba 1989

Zita,

Umenifundisha. Ahsante. Nilikupeleka shule ili urudi kunikagua zizi.

Nitakuambia na wewe usikie. Bwana Hermani alikuja na mbegu kwenye mfuko mweupe akasema, "Mzee, hii imetoka mbali, wewe chagua mahali." Hakusema chagua mahali pabaya. Mgeni akiingia kwako unamkalisha kwenye kigoda kilichovunjika mguu? Unampa maji ya mfereji? Mimi nimelelewa na Qamara. Kwetu mgeni anapewa penye joto, anapewa kipande cha nyama ambacho mwenye nyumba alikuwa amejiwekea. Mbegu ile ilikuwa mgeni, tena mgeni wa mwanangu. Nikampa zizi la baba yangu, mahali nilipokuwa nimepatunza miaka yote, sikupanda hata maharage. Ningeiweka kwenye kichanga, ikafa, ungesemaje huko kwenu? Kwamba baba yako hana heshima.

Na hao wasomi wanataka mtu awape mgeni wao shimo ili wapime. Hayo ni majaribio ya watu gani?

Usiniandikie habari ya nukta tena.

N. Qamara


Arusha,
20 Septemba 1989

Shikamoo baba,

Sitaandika habari ya nukta.

Nimetuma debe mbili za mahindi na maharage kidogo kwa basi, zipelekwe kwa mama Efrazia, mke wa Sulle. Mama ameniandikia kwa mkono wa Mwalimu Kasian kwamba Sulle hayupo, ameacha shamba ameenda kubeba magunia kule mashamba ya ngano ya serikali. Hukuniambia.

Mgeni ulimpokea vizuri, baba. Sikatai hilo. Mimi lile swali la ardhi nililiuliza mara moja tu, nilipaswa kuuliza mara ya pili.

Zita


Getanuwas,
29 Oktoba 1989

Mwanangu Zita,

Mahindi yalifika. Efrazia aliyapokea, akauliza ni ya nani, mama yako akasema ni ya Zita. Ningekuwa mimi ndiye nimetuma yangekuja kufungwa kwenye nguzo.

Nilimchukua ng'ombe nikampeleka kwake. Mimba imekua. Nilimkuta Efrazia anachambua mboga, nikafunga kamba, nikasema huyu ni wa hapa. Alikwenda kuleta maji, ya ng'ombe, si yangu.

Basi nikapanda lori la magunia mpaka kule mashamba, upande wa Basotu. Walinzi walinikumbuka. Mmoja akasema, "Huyu si ndiye mzee wa kombaini namba moja?" Siku nyingine ningekaa nikamweleza. Nikauliza tu Sulle yuko wapi.

Nilimkuta ghalani. Mabega yote makapi. Mtu wa rika langu anabeba ngano ya serikali na kwake hakuna ngano. Vijana wanampita wanakimbia, yeye anakwenda hatua kwa hatua, gunia limemlalia shingoni.

Akaniona. Akasema, "Umeniletea mchoro?"

Nikasema, "Nimemrudisha ng'ombe."

"Efrazia amempokea?"

"Amempa maji."

"Efrazia ana watoto wanaolia. Mimi sijampokea."

Nikamwambia, "Sulle, wewe ni mgumu." Akacheka kidogo, cheko la puani. "Nani ananiambia hivyo?"

Kisha akaniuliza, "Siku ile shuleni, nilisimama. Nilitaka kusema nini?"

Mwanangu, mimi najua alichotaka kusema. Nilikijua siku ile ile, ndiyo maana nilimkata. Maneno yalikuwa hapa mdomoni, na wale vijana wanatazama. Mdomo huu ambao unajua kuzaa haukuzaa kitu. Alisubiri. Kisha akainama kushika gunia lingine, nami nikashika pembe ya pili. Hakunikataza. Tukalipandisha. Likaja lingine, tukalipandisha. Tulifanya hivyo mpaka lori likajaa, na sasa hivi nakuandikia mgongo umekataa kunyooka, lakini hilo usimwambie mama yako.

Tulipokaa chini ya lori akaniuliza, "Zita amezifuta zile nukta zako?" Nikasema sijui. Akasema, "Asizifute. Ulivuna kweli, mimi nilikuwepo, mizani niliiona. Lakini azitoe kwenye zetu."

Kengele ililia, akaenda.

Sasa nakuomba, ingawa nilikukataza. Ile safu ya kijiji, kwangu usiandike Getanuwas. Andika Nicodemo. Nipe alama yangu peke yangu, yoyote ile. Paa waachie wenyewe Patriki na Basili, na namba za Sulle za mwaka huu ziweke hapo pamoja nao, hata kama ziko chini kabisa. Paa ni la kwao.

Nilipofika nyumbani nikaubandua tena ule mchoro. Umetoka na udongo, pamebaki pengo jeupe ukutani. Mama yako anataka kupapaka, nimemkataza. Ukichora mpya usinitumie mimi. Mtumie Sulle kule ghalani, aukague, yeye amesoma kunizidi. Akiona uko sawa, anajua nyumba yangu iko wapi, na nafasi ya kuubandika nimeiacha.

Ni mimi baba yako,
Nicodemo Qamara